Kudahiliwa, Kuingia, Kupokewa: Miaka 80 ya Wanawake katika Chuo cha Makerere

Mwaka 2025 ilitimia miaka 80 tangu wanawake wa kwanza walipoanza masomo katika Chuo cha Makerere, Kampala. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wanaume, waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Katika miaka 23 iliyofuata kilipanuka, kikaongeza masomo ya utabibu, ualimu, kilimo na tiba ya mifugo, kikawa ndicho chuo ambacho kijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika au Zanzibar angeweza kukitazamia bila ya kuvuka bahari. Jambo moja halikubadilika katika miaka hiyo yote, nalo lilikuwa limetajwa waziwazi katika kaulimbiu ya chuo, "Let us be men". Walipoingia wanawake sita mwaka 1945 kaulimbiu hiyo iliachwa, na mahali pake pakawekwa nyingine, "We build for the future", ambayo chuo kinaitumia hadi leo.

Historia ya Makerere imekwisha kuandikwa na wenye taaluma hiyo, na sherehe za miaka 100 ya chuo mwaka 2022 ziliyazidisha maandishi hayo. Mwandishi wa makala haya si mwanahistoria. Kazi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini imekuwa ni kufundisha sarufi na semantiki ya Kiswahili, na kwa sababu hiyo kinachonivuta katika kisa hiki si kalenda bali ni sentensi. Si mara nyingi mwanaisimu anapewa mwaka kamili ambao neno fulani lilishindwa kuendelea kutumika. Mabadiliko ya lugha tunayoyachunguza kwa kawaida huchukua vizazi kadhaa, na hayana mwenyewe. Hapa neno moja lilisimama salama kwa miaka mingi, kisha likaondolewa kwa kuwa watu sita walikuja kuketi mbele yake.

Tuanze na lililo wazi. Kaulimbiu zote mbili zimo katika nafsi ya kwanza wingi. Kiswahili, kama Kiingereza, hakitofautishi "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Ziko lugha duniani zenye viambishi viwili mbalimbali kwa kazi hiyo, na msemaji wa lugha hizo hawezi kutamka "tuwe" kabla hajaamua kama anayeambiwa yumo au hayumo. Sisi tunasema "tu-" na kuyaachia mazingira yaamue. Mwanamke aliyeisoma kaulimbiu ile ya kwanza alikuwa amekaribishwa na kiwakilishi cha nafsi, kisha akafukuzwa na nomino.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili zoezi la kuifasiri sentensi hiyo pasipo kuwaambia imetoka wapi. Walikuwa kumi na mmoja. Wengi waliandika "Tuwe wanaume". Wachache, nao walikuwa wale waliokwisha kujaribu kufasiri riwaya, waliandika "Tujikaze kiume" na "Tupige moyo konde", kwa hoja kwamba nomino ya Kiingereza katika muktadha kama huo hutaja mwenendo zaidi kuliko maumbile. Wawili waliandika "Tuwe watu".

Fasiri hii ya tatu ndiyo iliyozua mjadala, na muda wa kipindi ukatuishia tukiwa tungali juu yake. Mmoja wa wawili hao, binti kutoka Tanga, aliitetea vizuri sana. Alisema kwamba katika Kiswahili "mtu" si jina la kiumbe tu, bali ni sifa ambayo kiumbe anaweza kuwa nayo au kuikosa. Mzazi humwambia mwanawe, "Kua uwe mtu." Mkatili tunasema si mtu. Kutokana na shina hilohilo tumepata "utu", neno ambalo wafasiri wa Kiingereza huhangaika nalo. Nilipolieleza darasa asili ya sentensi yenyewe alifurahi zaidi. "Basi, Mwalimu," akasema, "kaulimbiu ile ingeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, wanawake wangeingia mwaka 1922." Wenzake wakampigia makofi.

Sikuungana nao. "Tuwe watu" ni sentensi bora kuliko ile ya asili, na kwa sababu hiyohiyo ni fasiri isiyofaa. Ni kweli kwamba neno la Kiingereza linaweza kumaanisha binadamu kwa jumla, na wapo walioitumia maana hiyo kama ngome kwa karne nyingi. Lakini wingi wake, katika sentensi ya kuhimiza, ndani ya taasisi isiyokuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja, haukuwa na utata wowote. Ushahidi ni mwaka 1945 wenyewe: lau neno lile lingalimaanisha watu, pasingekuwa na haja ya kulibadilisha. Waliolibadilisha walijua lilichomaanisha. Sisi tukilifasiri leo kwa neno "watu" tutakuwa tunawafagilia ua ambao wao wenyewe waliona kwamba una taka. "Tuwe wanaume" ni fasiri kavu, hata inachekesha, lakini ndiyo ya kweli, na mfasiri hakupewa mamlaka ya kuyafanya ya jana yawe mema kuliko yalivyokuwa.

Niliona baadhi ya nyuso zikikunjamana. Nadhani wanafunzi wale walidhani ninaitetea kaulimbiu ya wakoloni. Niliyokuwa ninayapinga ni mapenzi yetu wenyewe kwa lugha yetu.

Miongoni mwa sisi tunaofundisha Kiswahili pana imani iliyokita mizizi kwamba lugha hii haina ubaguzi wa jinsia. Hoja zake zinajulikana. "Yeye" ni mwanamume na ni mwanamke. Kiambishi cha upatanisho "a-" hakimuulizi mtu maumbile yake. Ngeli ya kwanza na ya pili huwapokea binadamu wote, na wanyama juu yake. "Mwalimu", "mkulima", "hakimu" na "mwanafunzi" ni maneno yasiyokuwa na umbo la pili la kike, na mwanafunzi wetu anayejifunza Kifaransa au Kiarabu hustaajabu anapoambiwa kwamba huko hata meza ina jinsia. Hayo yote ni kweli, na binafsi ninayahesabu kuwa ni neema.

Hata hivyo, ngeli ni jambo moja na matumizi ni jambo jingine. Mkono tunaolia chakula na kusalimiana tunauita mkono wa kuume. Msichana anayepelekwa kung'olewa jino huambiwa ajikaze kiume. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi ni kimoja, kauli ni mbili, na anayezibadilisha nafasi hizo ama amefanya mzaha ama ametukana. Magazeti yetu huandika "jaji mwanamke" na "rubani wa kike", ilhali "jaji wa kiume" sijapata kumwona ila pale ambapo mwanamke ametangulia kutajwa katika sentensi hiyohiyo. Umbo la neno halibagui. Msemaji ndiye anayebagua, na kwa kuwa umbo halimfichui, ubaguzi wake ni mgumu zaidi kuukamata. Waingereza wa Makerere walikuwa na neno la kufuta. Sisi tungefuta nini?

Swali hilo nililiacha mbele ya darasa na nitalirudia. Kwanza liko neno "chuo" lenyewe, ambalo linastahili kutazamwa. Katika Kiswahili cha kale cha pwani chuo ni kitabu, kisha ni mahali ambapo kitabu husomwa, hasa Kurani. Watoto wa kike wa Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wakipelekwa chuoni muda mrefu kabla mtu hajafikiria kujenga karakana ya useremala juu ya kilima cha Makerere. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake kwa ajili ya binti yake karibu na mwaka 1858. Wasia wake juu ya kumtii mume umewakera wasomaji wengi wa kizazi chetu, mimi nikiwamo, lakini utendi ule ni maandishi ya mwanamke kwa mwanamke, na haukungoja ruhusa ya serikali yoyote. Kwa hiyo tunaposema kwamba wanawake wa Afrika Mashariki waliingia chuoni kwa mara ya kwanza mwaka 1945 tunasema kweli, alimradi tuwe tumekwisha kukubaliana kwamba chuo ni kile kilichojengwa na dola na kutoa vyeti vya dola.

Aidha, pana "mwanachuoni". Umbo lake ni mwana wa chuoni, na "mwana" katika lugha yetu si wa kiume wala wa kike. Tena katika miji ya kaskazini "Mwana" ni neno la heshima la bibi wa nyumba kubwa. Mwambie Mswahili yeyote afumbe macho amfikirie mwanachuoni: ataona kilemba na ndevu. Sarufi haikuviweka vitu hivyo pale.

Nirudi Kampala, na nirudi kwenye kitenzi. Wanawake sita walifanya nini, au walifanywa nini, mwaka 1945? Wanaoandika habari zao kwa Kiswahili husema kwamba waliruhusiwa, walikubaliwa, walipokewa, au, kwa lugha ya ofisi za vyuo, walidahiliwa. Vitenzi vyote hivyo vimo katika kauli ya kutendwa, na katika kauli ya kutendwa mtenda anaweza kuachwa pasipo sarufi kulalamika. Nani aliyeruhusu? Sentensi imenyamaza. "Kuruhusiwa" ndicho kitenzi ninachokichukia zaidi katika kundi hilo. Huwezi kumruhusu mtu jambo ambalo hakuwa amezuiwa, na kwa hiyo kitenzi hiki hulichukua katazo kuwa ni jambo la maumbile, kama masika na kiangazi, kisha kikaisifu ruhusa kana kwamba ni ukarimu.

"Kudahili" kina habari ndefu zaidi. Shina lake ni la Kiarabu, nalo katika lugha hiyo kitenzi cha msingi maana yake ni kuingia. Anayeingia ndiye mtenda. Ili kupata maana ya kuingiza, Mwarabu hana budi kukinyambua kitenzi chake. Katika Kiswahili cha vyuo vikuu mambo yamegeuka. Chuo hudahili, mwanafunzi hudahiliwa. Utendaji umehama kutoka kwa aliyepita mlangoni ukaenda kwa aliyeushika ufunguo. Sisemi kwamba waliolisanifu neno walikusudia hivyo. Maneno ya kukopa hubadilika maana kila siku, na hili limetufaa. Lakini linapotumika kueleza tukio la mwaka 1945 linatuonyesha upande mmoja wa mlango.

Shina hilohilo limetupa "dahalia", yaani bweni, neno ambalo wenzetu wa Zanzibar wamelihifadhi vizuri zaidi kuliko sisi wa bara. Undugu wa udahili na dahalia ungeweza kuandikiwa tasnifu. Chuo cha bweni kisichokuwa na bweni la wanawake hakihitaji sheria ya kuwakataa wanawake. Kitasema tu kwamba hakuna vitanda. Hakuna katazo lililo pole kuliko hilo, wala lililo gumu zaidi kulijibu. Katika sehemu nyingi hoja ya vitanda imewafungia nje wasichana wengi kuliko hoja yoyote ya akili au mila, na ingali inasikika. Makerere ilibidi wanawake wale watafutiwe mahali pa kulala kabla ya kutafutiwa mahali pa kusomea. Bweni la wanawake likaja kupewa jina la Mary Stuart, mke wa Askofu wa Kianglikana wa Uganda, aliyekuwa amepigania elimu ya juu ya wasichana. Wanafunzi wa Makerere wamelizoea bweni hilo kwa jina la Box, yaani sanduku. Wakaaji wake wenyewe wamelibeba jina hilo kwa majivuno. Sanduku, kama tujuavyo, ni chombo cha kuhifadhia kitu cha thamani, na ni chombo chenye kufuli.

Jambo moja husahauliwa katika masimulizi haya. Kabla ya kuwa na mwanafunzi wa kike, Makerere ilikuwa na mwalimu wa kike. Margaret Trowell, Mwingereza, alianzisha mafunzo ya sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930, na idara iliyozaliwa na mafunzo hayo ina jina lake hata leo. Kwa hiyo mwanamke aliweza kusimama mbele ya darasa ambalo mwanamke mwingine hakuweza kuketi ndani yake. Rangi ilikuwa na sauti kubwa kuliko jinsia, na kaulimbiu haikuona shida.

Lingine ni kwamba hoja yenyewe ilikuwa imekwisha kufika katika mabweni ya wanaume. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, na akiwa mwanafunzi aliandika insha akizitumia hoja za John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake ili kuichambua hali ya wanawake katika jamii yake ya Wazanaki. Sisi Watanzania tunapenda kuitaja insha hiyo, na ni haki yetu. Ila nimepata kuhudhuria mihadhara miwili juu ya wanawake na elimu ya juu ambamo insha ya Nyerere ilizungumzwa kwa nusu saa na wanawake sita hawakutajwa hata jina.

Basi nitawataja wawili. Florence Lubega alikuja kuwa mbunge wa Uganda. Sarah Nyendwoha alitoka Bunyoro, akapitia shule ya Budo iliyokuwa ya wavulana zaidi kuliko ya wasichana, akaingia Makerere akiwa na azma ya kusoma hisabati. Katika mahojiano aliyoyatoa baadaye maishani alisimulia kwamba mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Akasoma historia badala yake. Miaka ya 1950 alipata shahada yake Oxford, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika ya Mashariki na ya Kati kuhitimu huko. Aliporejea kufundisha alikuta kwamba mwanamke mwenye shahada hulipwa pungufu ya mwanamume mwenye shahada ileile. Akakataa kuupokea mshahara huo, akaendelea kufundisha bila malipo hadi jambo lake liliposhughulikiwa. Baadaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Wasomaji wa Tanzania watamtambua zaidi kwa jina la Sarah Ntiro, kwa kuwa aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro, mwanafunzi wa Bi. Trowell, aliyekuja kuiwakilisha Tanganyika huko London baada ya uhuru. Sarah Ntiro alifariki mwaka 2018. (Nimeandika "aliolewa". Hata mimi sina kitenzi kingine.)

Lile darasa la hisabati ndilo linalonikalia moyoni. Msichana yule alikuwa amekwisha kudahiliwa. Jina lake limo katika rejista, kitanda anacho, kaulimbiu imebadilishwa kwa ajili yake na wenzake watano. Kisha mwalimu mmoja, kwa kukataa kwake tu, akamwondoa katika taaluma nzima, na chuo hakikuona kwamba hapo pamevunjwa ahadi yoyote. Nadhani hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kutusaidia kuliko Kiingereza, kwa kitenzi ambacho tumekizoea mno hata hatukifikirii. Mgeni anapobisha hodi huambiwa karibu, na hilo ni neno. Lakini hajapokewa mpaka mtu amesimama akaushika mzigo alionao. "Mpokee mgeni," mama humwambia mtoto, na mtoto hakimbilii kumsalimu, hukimbilia kikapu. Kitenzi hiki hubeba yambwa mbili, mtu na mzigo: mgeni hupokewa mzigo. Kwa kipimo hicho Sarah Nyendwoha alidahiliwa mwaka 1945 na hakupokewa. Aliingia, kwa kauli ya kutenda, na mzigo wake akaubeba mwenyewe.

Isifikiriwe kwamba haya yalikuwa mapungufu ya Afrika, au ya mila zetu, kama wasemavyo wale wanaopenda maelezo mepesi. Chuo Kikuu cha Cambridge, kilichokuwa kimetimiza karne saba na zaidi, hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948, yaani miaka mitatu baada ya wanawake kuingia Makerere. Oxford ilifanya hivyo mwaka 1920. Chuo Kikuu cha London ndicho kilichotangulia, mwaka 1878, na ni bahati kwamba Makerere ilipopanda na kuwa chuo kishiriki mwaka 1949 ilifungamanishwa na London. Shahada zilizokuja kutolewa Kampala zilikuwa ni zile ambazo wanawake walikuwa nazo kwa zaidi ya miaka 70. Kwa upande wa kanuni hapakubaki lango. Mabwana wa hisabati hawakuwamo katika kanuni.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, idadi ileile ya Makerere ya mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 vyuo hivyo viwili na kile cha Nairobi vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Dar es Salaam haikuwahi kuwa na kaulimbiu ya wanaume. Ilikulia katika nchi ambayo rais, mfagizi na mhadhiri waliitana "ndugu", neno lisilouliza jinsia wala cheo. Na Kiswahili, lugha ambayo Kamati yake ilikuwa imekaa Makerere kwa takriban miaka kumi, kilihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1964, kikapewa Chuo cha Uchunguzi. Kama lugha isiyo na jinsia ingeweza kumlinda mwanamke mahali popote, ingekuwa ni hapo.

Hapo ndipo ilipostawi desturi iliyoitwa Mzee Punch. Wanafunzi wa kiume walibandika ukutani maandishi na michoro ya kejeli, bila ya jina la mwandishi, dhidi ya wenzao, na walengwa zaidi walikuwa ni wanafunzi wa kike waliojitenga nao au kuwakataa. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Jina lake limeandikwa pengi na sitalirudia. Punch ikapigwa marufuku. Wanaisimu tumeandika mengi juu ya lugha ya kanga, ya vijiweni na ya mabasi. Juu ya maandishi yale ya ukutani tumeandika machache, labda kwa aibu, labda kwa kuwa baadhi ya waandishi wake wamekwisha kuwa watu wazima wenye vyeo. Mimi ningependa yachunguzwe, sentensi kwa sentensi. Ningependa tuone jinsi lugha yenye "a-" moja kwa wote ilivyoweza kumchagua mtu mmoja chumbani mwake.

Mwaka huohuo wa 1990 Makerere ilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama moja na nusu, na mwaka uliofuata ikaanzisha idara ya masomo ya wanawake. Kabla ya hatua hiyo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi. Baada ya miaka kumi na mitano hivi walikuwa wamekaribia nusu. Wengi wamebishana juu ya alama hizo. Ninachoweza kusema ni kwamba zilikuwa za kupokea mzigo.

Sasa lile swali la darasani: sisi tungefuta nini? Nilipomaliza shahada ya uzamivu, chuo kimoja nilichokwenda kufundisha kiliniweka katika orodha ya wahadhiri kwa maandishi haya: "Dk. (Bi.)", kisha jina langu. Wenzangu wa kiume walikuwa "Dk." tu. Hakuna aliyekuwa "Dk. (Bw.)". Nilizitazama alama zile mbili kwa muda mrefu. Kiswahili kilikuwa kimekataa kunipa umbo la kike la neno "daktari", na karani wa idara, kwa kuwa lugha haikumpa kiambishi, alikuwa amekitafuta katika vituo vya uandishi. Hapo nilipata cha kuwajibu wanafunzi miaka mingi kabla hawajaniuliza. Tungefuta mabano.

Nilikwenda kwa karani, mama mtu mzima aliyeijua idara kuliko sisi sote, nikamwomba. Alinisikiliza kwa adabu. "Daktari," akasema, "mimi nitayatoa, hayanigharimu kitu. Lakini wanafunzi watajuaje kuwa ni mama?" Nikamwambia watajua nikiingia darasani. Akacheka, akayatoa.

Mwaka uliofuata wahadhiri wenzangu wawili wa kike, wote wakubwa wangu, walimwendea karani yuleyule na kumwomba mabano yao yabaki. Hoja yao haikuwa dhaifu. Ubao wa matangazo uko ukumbini, karibu na dirisha la waombaji, na wasichana wanaokuja na vyeti vyao vya kidato cha sita husimama pale wakingoja kuitwa. Walitaka binti anayengoja ayaone. Tulibishana siku nzima, kwa chai na bila chai, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Orodha ikabandikwa ikiwa na namna zote mbili.